Sufuria ya Arusi na Matiko ya Alumini

Waliokuwako uani siku ile hawajasahau. Ilikuwa arusi ya binti wa shangazi yangu, hapa Mombasa, mwaka jana katika Mfungo Mosi. Biriani ilikuwa tayari, wageni wamekwisha kaa majamvini, na vijana wawili wakaishika sufuria ya masala, huyu sikio hili na yule sikio lile, ili waipeleke penye masinia. Hawakufika. Sikio moja lilikatika likalia kama kigae cha chungu, sufuria ikalala upande, na masala yaliyokuwa yakichemka yakammwagikia kijana mmoja kutoka goti hadi wayo. Alilala hospitali wiki tano. Leo anatembea, alhamdulillahi, lakini kovu analo, na penye kirumbizi hasimami tena.

Kama ilivyo desturi yetu, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Akina mama walisema ni jicho, maana arusi ile ilikuwa imesifiwa mno kabla ya siku yake. Wengine walimlaumu mpishi kwa kuijaza sufuria kupita kiasi. Na fundi aliyeisubu sufuria ile huko Kisauni, alipopelekewa habari, alitikisa kichwa akasema neno moja tu: kadari.

Mimi sikatai kadari, na Mwislamu gani aikataaye? Lakini kadari na kadiri ni maneno ya tumbo moja, na jambo la kadiri, yaani la kipimo, mtu anaweza kuliuliza. Nililiokota lile sikio nikalifunga katika leso. Palipokatika paling'aa chembe chembe kama sukari guru iliyovunjwa, na ndani yake mlikuwa na vitundu vidogo kama vya mkate wa mofa. Kisha nikaitazama sufuria ya marehemu nyanya yetu iliyokuwa pale pale jikoni, ya alumini vile vile, nyembamba kuliko ile mara tatu. Imebonyea kila upande, sikio lake limepinda, tako lake limekuwa duara, lakini haijapata kukatika. Zote mbili ni alumini. Mbona moja hupinda na nyingine huvunjika?

Ninaye kijana wa ndugu yangu afundishaye mambo ya madini katika chuo kimoja. Nilimpelekea lile sikio. Alilipindua mkononi, akacheka, akasema, "Ami, hii si alumini."

"Ni nini basi?"

"Ni alumini na wageni wake. Na hapa wageni wamekuwa wengi kuliko wenyeji."

Alinieleza kuwa karibu hakuna alumini itumiwayo peke yake, na kwamba jambo hili masonara wetu walilijua katika dhahabu kabla ya alumini haijaonekana duniani. Bibi arusi akitengezewa bangili za dhahabu ya karati 24, ambayo ni dhahabu tupu, zitapinda akifua nguo. Kwa hiyo sonara hutia fedha na shaba kidogo, ikawa karati 22 au 18, na bangili ikapata mifupa. Hiyo ndiyo iitwayo aloi: madini yaliyochanganywa na mengine kwa makusudi. Na tukitazama nyuma, hata jina la chombo chetu lina habari hiyo hiyo, maana sufuria limetokana na neno la Kiarabu la shaba ya njano, ambayo nayo ni shaba iliyotiwa zinki. Tumepika katika aloi tangu zama za mababu bila kuijua kwa jina hilo.

Sasa, kwa nini ugeni kidogo hutia nguvu? Hapa ndipo nilipokaa kitako nikasikiliza.

Atomi za alumini zimejipanga safu safu, tabaka juu ya tabaka, zimeshikana bega kwa bega kama maamuma. Ukiipinda alumini, tabaka moja huteleza juu ya jingine. Walakini halitelezi lote kwa mara moja. Kijana wangu alinipa mfano wa zulia la msikiti. Zulia kubwa likiwa limetandikwa, ukitaka kulisogeza shibri moja, watu kumi watalivuta na jasho litawatoka. Lakini ukilikunja kunjo moja dogo ukingoni, kisha ukalisukuma kunjo hilo kwa mguu mpaka ukingo wa pili, zulia lote limesogea na mtoto anaweza kuifanya kazi hiyo. Ndani ya madini mna makunjo ya namna hiyo yasiyo na idadi. Katika alumini safi hayana kitu cha kuyazuia, yanakwenda yatakapo, na ndiyo sababu uzi wa alumini safi kabisa, wenye unene wa milimita 1 ya mraba, hukatika ukitundikwa kilo 5 hivi.

Weka kiti juu ya zulia, na kunjo litakwama. Wageni ndio viti hivyo. Atomi ya magnesi ni kubwa kuliko ya alumini, na ya shaba ni ndogo kuliko yake. Ikiingia safuni, safu hupindika kidogo mahali pale, na kunjo likifika huwa kama limekuta kisiki. Magnesi huifanya kazi hii vizuri sana. Mkebe wa soda ambao watoto huupiga teke barabarani, msomaji, umetengenezwa kwa aloi mbili: kiwiliwili kina kiasi cha asilimia 1 ya manganisi na asilimia 1 ya magnesi ili kivutike kiwe chembamba, na kifuniko kina karibu asilimia 4.5 ya magnesi, maana ndicho kinachobeba ulimi wa kufungulia na lazima kiwe kigumu zaidi. Mashua za alumini nazo hujengwa kwa aloi za magnesi, kwa kuwa haziliwi upesi na maji ya chumvi.

Lakini nguvu kubwa haitoki kwa mgeni mmoja mmoja. Hutoka kwa wageni waliokusanyika, tena wamekusanyika kwa udogo na kwa wakati wake. Kisa cha jambo hili ni cha Mjerumani aitwaye Alfred Wilm, na mhunzi yeyote wa pwani angelikisikia angalishika kidevu.

Mhunzi wetu hutia matiko. Huchukua panga au jembe likiwa jekundu, akalitosa majini, likalia, likatoka gumu papo hapo. Wilm, katika miaka ya mwanzo ya 1900, alikuwa kazini karibu na Berlin akitafuta alumini ngumu itakayofaa kwa maganda ya risasi badala ya shaba ya njano. Alichanganya alumini na asilimia 4 ya shaba na nusu asilimia ya magnesi, akaipasha moto sana, akaitosa majini kama wafanyavyo wahunzi. Haikuwa na ugumu wowote wa kumfurahisha. Inasimuliwa kuwa ilikuwa Jumamosi, mwaka 1906, kazi ikafungwa, na aliporudi Jumatatu kupima tena alikuta kipande kile kile kimekuwa kigumu zaidi kuliko alivyokiacha. Alidhani kipimo kimeharibika. Kipimo hakikuwa na kasoro. Alumini ilikuwa imejitia matiko yenyewe, imelala mezani, bila moto na bila maji.

Kiwanda cha mji wa Düren kilianza kuiuza aloi hiyo mwaka 1909 kwa jina la Duralumin. Wilm mwenyewe aliacha mambo ya maabara, akaenda kufuga kuku, akafariki mwaka 1937 bila ya mtu yeyote kuwa ameona kwa hakika kitu gani kilichotokea ndani ya kile kipande. Mwaka mmoja baadaye, 1938, Guinier huko Ufaransa na Preston huko Uingereza, kila mmoja kivyake, walikiona kwa miale ya eksirei.

Mwenye kupika shira ya kaimati atafahamu upesi. Shira ikiwa moto huyeyusha sukari nyingi. Ikipoa haiwezi kuishika yote, na sukari hurudi chembe chembe ikakaa chini. Alumini na shaba ni hivyo hivyo, ingawa alumini yenyewe haijayeyuka. Kwenye nyuzi 548 za Selsiasi, ikiwa bado imeshikamana, alumini huweza kumeza shaba asilimia 5 na nusu na zaidi. Ikipoa kabisa, haiwezi kushika hata nusu ya asilimia moja. Ukiiacha ipoe polepole, shaba hutoka ikajikusanya mafungu makubwa machache, yaliyo mbali mbali, na makunjo hupita katikati yao kama watu wapitavyo baina ya nguzo. Ukiitosa majini ghafla, shaba haipati nafasi ya kutoka. Inanaswa ndani, na alumini bado laini. Kisha, saa baada ya saa, siku baada ya siku, shaba ile hujikusanya vijisahani vyenye unene wa atomi moja au mbili, maelfu kwa maelfu, vimetapakaa kila mahali. Hapo kunjo haliwezi kusogea hatua mbili bila kukwama. Uzi ule ule wa milimita 1 ya mraba, uliokatika kwa kilo 5, sasa hubeba kilo 45 na zaidi. Na zikitumika zinki na magnesi pamoja na shaba kidogo, kwa matiko yake maalum, hupita kilo 55.

Wazee waliokwenda kuhiji kwa meli watatukumbusha siku walizokaa baharini. Anayekwenda Jidda leo hukaa ndani ya ndege, na katika ndege nyingi ngozi ya tumbo na ya chini ya bawa ni aloi ya shaba ya ukoo wa Wilm, na juu ya bawa mara nyingi ni aloi ya zinki. Kijana wangu alinieleza jambo lililonichekesha: ribiti nyingine za ndege hutoswa majini zikiwa moto kisha zikawekwa katika friji kali, kama samaki, ili zibaki laini. Fundi huzitoa chache, akazigonga upesi, na zikishakaa mahali pake katika joto la kawaida hujikaza zenyewe. Tena, kwa kuwa aloi ya shaba huliwa sana na chumvi, tangu miaka ya 1920 bamba lake hufunikwa pande zote mbili kwa ngozi nyembamba ya alumini safi. Mwenye nguvu amevishwa nguo ya mnyonge ili asile chumvi.

Na kabla ya Wilm? Ndege ya akina Wright iliyoruka Marekani tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na injini ambayo mwili wake ulisubiwa kwa alumini yenye asilimia 8 hivi ya shaba. Wataalamu walipokichunguza kipande chake katika miaka ya 1990, waliviona vile vijisahani vya shaba ndani yake. Akina Wright walifaidika na matiko ambayo hakuna mtu aliyejua kuwa yapo.

Nilimwuliza, "Basi kwa nini mafundi wa sufuria wasitie shaba na matiko, tukapata sufuria za nguvu za ndege?"

"Kwa sababu ya moto, Ami. Matiko hayo yanapenda ubaridi. Aloi ya shaba ikikaa juu ya makaa kila siku, vile vijisahani huungana, vikawa mafungu makubwa machache, na nguvu ikaondoka." Ndiyo sababu sufuria za viwandani, kama ile ya nyanya, hupigwa kwa bamba la alumini karibu safi, au alumini yenye asilimia 1 na kidogo ya manganisi, ambayo haipotezi nguvu yake kwa moto wa jikoni. Haina nguvu nyingi. Lakini hupinda kabla ya kukatika, na kwa mwenye kubeba masala ya moto hiyo ndiyo nguvu anayoihitaji.

Basi tukarudi kwenye sikio letu. Alilikata, akalisugua mpaka likawa kama kioo, akaliweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti. Niliona uwanja mweupe wa alumini, na juu yake mabamba ya kijivu yenye ncha kali, yametupwa ovyo kama vigae vya chupa iliyovunjika. Katikati yao mlikuwa na sindano ndefu. Na kulikuwa na matundu meusi.

Vigae vile ni silikoni. Fundi wa kusubu huipenda silikoni hata kama hajui jina lake, maana alumini yenye silikoni hutiririka kama maji, huingia kila pembe ya kalibu ya mchanga, na haipasuki inapopoa. Pistoni za magari zina silikoni kiasi cha asilimia 12. Ndiyo sababu mafundi wetu hutafuta pistoni na vichwa vya injini. Alumini ya sufuria kuukuu peke yake ni nzito kumiminika, nao hawana makosa kuichanganya. Ila silikoni haikai ndani ya safu za alumini. Hutoka nje ikawa vigae, na ufa ukianza hufuata ukingo wa kigae hadi kigae. Viwandani hutiwa sodiamu chembe ndogo sana, na vigae hugeuka nyuzi nyembamba zisizodhuru. Mtu aliyeivumbua njia hiyo, Aladar Pacz, alisajili uvumbuzi wake Marekani miaka mia na zaidi iliyopita. Lakini hiyo si dawa ya kushikwa na mtu asiye na vipimo na kinga.

Zile sindano ni chuma. Hapa kijana wangu aliacha mzaha. Alumini iliyoganda haiwezi kumeza chuma hata asilimia moja ya kumi. Chuma chote kinachozidi hukutana na silikoni kikawa sindano, na kila sindano ni ufa uliokwisha anza. Chuma hiki kinatoka wapi? Kinatoka katika bolti zilizosahauliwa ndani ya kichwa cha injini, na katika upao wa chuma anaokorogea fundi, ambao alumini ya moto huula polepole. Na kila skrapu inapoyeyushwa upya chuma huongezeka, wala hakuna njia rahisi ya kukitoa. Ama yale matundu, ni hewa ya haidrojeni, itokayo katika unyevu. Skrapu iliyonyeshewa, makaa mabichi, na joto kupita kiasi, vyote huilisha alumini hewa hiyo, nayo ikiganda huitapika.

Nilikwenda Kisauni Jumamosi moja baada ya adhuhuri. Sikwenda kwa shari. Nilipiga hodi, tukaamkiana, nikaletewa kahawa. Kisha nikafungua leso. Fundi alilitambua sikio lake mara moja, akanyamaza.

Nilimweleza yote, zulia, shira na vigae, naye alisikiliza kwa makini kuliko nilivyomsikiliza yule kijana, maana mengi alikuwa ameyaona kwa macho yake miaka thelathini bila kuambiwa sababu. Alijua kuwa skrapu iliyonyeshewa hutoa sufuria yenye vitundu. Alijua kuwa upao wake huliwa. Alinionyesha mmoja uliobaki nusu. "Nikidhani ni moto unaoula," akasema. "Kumbe ninauweka ndani ya sufuria za watu."

Tulikaa mpaka alasiri tukihesabu. Pistoni zenye silikoni 12 zikitiwa nusu kwa nusu na sufuria kuukuu, hupatikana 6. Sehemu mbili za sufuria kwa moja ya pistoni, hupatikana 4. Kijana wangu alikuwa ameniambia kuwa kiasi cha 5 ndicho kinachofaa vyombo vya jikoni vya kusubiwa, kinamiminika vya kutosha na bado kinakubali kupinda. Bolti zitolewe zote. Upao upakwe udongo wa mfinyanzi na ukaushwe. Skrapu ianikwe, na ipashwe moto kando ya jiko kabla ya kutiwa. Na vipande vyenye lehemu ya risasi, kama rejeta, visikaribie kabisa kalibu ya chombo cha kupikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo vya namna hii kutoka nchi kumi za Afrika, Asia na Amerika ya Kati, na vingine vilikuwa vikitoa risasi ndani ya chakula. Hilo nilimwambia waziwazi, na uso wake ulibadilika kuliko nilipomtajia mguu wa yule kijana.

Fundi aliongeza lake, ambalo si la chuo wala langu. Kila anapoyeyusha, alisema, atasubu kwanza kijiti cha urefu wa kidole cha shahada, akibane katika jiliwa, akikunje kwa koleo. Kikikubali kupinda, atamimina sufuria. Kikikatika, alumini yote ile itakwenda kusubiwa vikanyagio vya mashine za kushonea.

Wiki tatu baadaye aliniita. Sufuria mpya ilikuwa chini ya mwembe, kubwa kama ile ya kwanza, imejazwa maji mpaka shingoni. Kando yake, juu ya gunia, aliviweka vijiti vya majaribio: vinne vimekatika, cha tano kimekunjwa kama ndoana. Hakutaka malipo, alisema iende nyumbani kwa yule kijana. Akashika sikio moja, akaniambia nishike la pili.

"Bismillahi, ndugu yangu. Inua."

Tukainua.